Ngazi ya Kadii

Mvua ilirudi Jilore mwaka wa themanini na tano bila kuomba radhi, na ilimkuta Kadii mikono mitupu. Mbegu yake ilikuwa karibu, mahali pa kumwita mtu akaitika. Ilikuwa ndani ya ghala la kamati, nyuma ya mlango wenye makufuli matatu, na hapakuwa na mtu wa kuufungua.

Hasira iliyomshika asubuhi ile haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ya kukaza leso kiunoni, ukaifungua, ukaikaza tena.

Ardhi ya Jilore haina subira. Inakunywa mvua ya kwanza, inakungoja kidogo, kisha inafunga mdomo. Aliyepanda kapanda. Asiyepanda atabaki kupalilia magugu huku akitazama mahindi ya wenzake. Kadii alilijua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Kwa hiyo alisimama mlangoni mwa jikoni, akanusa udongo uliolowa, harufu ambayo watu walikuwa wameilalia njaa mwaka mzima wakiingoja, naye akaona kama anatukanwa.

Watu walisema ulimi wa Kadii ungeweza kumenya muhogo. Hawakukosea sana. Lakini ulimi ule ulikuwa na kazi, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kufanya jambo likaisha. Aliolewa na Dzombo, mwanamume mpole aliyependa kukubali mambo mbele za watu na kuyajutia nyumbani, akamzalia watoto, mkubwa wao Dena. Siku alipoingia kwenye nyumba ile, mama mkwe wake, Hawe Kahonzi, alimpeleka jikoni, akamwonyesha mafiga matatu, akamwonyesha na uchaga juu yake.

Kwa asiyeujua, uchaga ni huu: dari la miti juu ya moto, ambako mahindi hupangwa na maganda yake, moshi ukayapaka masizi na wadudu wakayakimbia. Unapandwa kwa ngazi, na anayepanda ni mwenye jiko, mwanamke. Mwanamume hapandi. Awe mume, awe mwana, awe mzee mwenye wajukuu, uchagani hapandi, wala hachungulii. Mwanamume akiweka mguu kwenye ngazi ile, ni kama ametangaza kwamba mkewe amekufa na nyumba haina mwenyewe.

"Huku juu ni kwako," Hawe Kahonzi alimwambia. "Dzombo akikuuliza kumebaki nini, mwambie kumebaki cha kesho. Hayo yanamtosha."

Kisha akampa mafungu ya mbegu, mahindi ya mdzihana, yale yanayoiva upesi mvua ikiwa bahili. Hawe naye alipewa na mkwewe. Kadii aliyafunga kwa ukindu, fundo lake mwenyewe, akayatundika mahali ambapo moshi ni mzito, na kila mwaka alirudisha mafungu mengine juu kabla ya kula hata hindi moja la kuchoma.

Sasa mbegu hiyo ilifikaje kwenye ghala la watu? Hapo ndipo penye uchungu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, vuli ilipokuwa imeonyesha dalili mbaya. Viongozi walikuja Jilore, na kwa kweli walikuja wengi. Alikuja mkubwa kutoka wilayani mwenye fimbo ya kwapani. Alikuja bwana shamba. Alikuja Zubeir, mfanyabiashara wa Barani, Malindi, mwenye malori. Alikuja mwenye hoteli mmoja wa ufukweni aliyevaa kaptura, akaja mchungaji pia, na mwalimu mkuu akawapa darasa la kukutania. Chifu Kambi alizunguka huku na huku akipanga viti kana kwamba anaoza binti. Wanaume walikaa kwenye madawati. Wanawake walikaa chini karibu na mlango, kama kawaida, mahali pa kusikia vizuri na kusikika vibaya.

Mkubwa wa wilaya alizungumza, na alizungumza vizuri. Kadii hakuwahi kumnyima hilo.

"Nchi yetu ni ndogo," alisema. "Nchi kubwa ikianguka, huangukia kitanda chake. Nchi ndogo ikianguka, huangukia mlangoni kwa jirani, na jirani naye ana watoto. Nchi ndogo haina mjomba. Vita vikitokea mbali, mafuta ya taa yanapanda hapa Jilore. Mvua ikikataa, tunaomba meli ya mtu. Sasa sisi viongozi wa kila upande, serikali, kilimo, biashara, dini, elimu, tumesema tukae pamoja kabla ya baya kufika. Akiba lazima ianzie kijijini."

Bwana shamba akasimama, akasema lile lililomnasa Kadii. Alisema njaa yenyewe haimalizi watu. Kinachowamaliza ni ile siku wanapokula mbegu. Kwa hiyo kamati itajenga ghala, na kila nyumba itaweka mbegu yake humo, mbali na sufuria, mpaka shida ipite.

Kadii aliinamisha kichwa. Alipokuwa msichana, njaa moja iliwakuta kwao. Mama yake alishusha fungu la mwisho la mbegu, akalipakata mapajani muda mrefu, kisha akalipukuchulia chunguni bila kumtazama mtu. Mvua iliporudi, mama alikwenda kulima mashamba ya wengine ili alipwe mbegu, na la kwake akalipanda wakati ardhi imeshafunga mdomo. Kadii hakusahau ladha ya mahindi yale. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililomuudhi maisha yake yote.

Akanyoosha mkono. Chifu Kambi akajifanya hamwoni, kisha akamwona.

"Mlango wa ghala ataushika nani?"

"Swali zuri, mama," alisema mkubwa wa wilaya. "Mlango utakuwa na makufuli matatu. Ufunguo mmoja wa chifu, mmoja wa bwana shamba, mmoja wa Bwana Zubeir. Serikali, kilimo na biashara. Hakuna atakayeweza kufungua bila wenzake. Mwizi itabidi awe watu watatu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kadii naye alipiga, kwa kuwa jambo lilisimama vizuri ukilitazama upande ule. Baadaye alijilaumu sana kwamba aliuliza habari ya mlango kufungwa, asiulize habari ya mlango kufunguliwa.

Chifu akauliza nani yuko tayari. Wanaume wakanyoosha mikono, Dzombo akiwa miongoni mwa wa kwanza.

"Sisi kwetu tutatoa mbegu yote," alisema Dzombo.

Nyumbani, Kadii alimngoja amalize kunawa.

"Babake Dena, ile mbegu uliyoitoa, ulipata kuiona?"

"Kuiona vipi?"

"Kwa macho. Unajua ni mafungu mangapi? Unajua iko upande gani, wa mlangoni au wa ukutani?"

Dzombo akatazama juu, akakumbuka, akatazama chini. "Nimeshanyoosha mkono mbele za watu, mama Dena."

"Mkono ni wako, unyooshe utakapo. Uchaga ni wangu."

"Basi nifanye nini? Nipande mwenyewe?"

"Panda," alisema Kadii. "Uone kama utashuka ukiwa na mke."

Hawe Kahonzi, aliyekuwa pembeni akichambua mchicha, alicheka mpaka akakohoa. Lakini Kadii mwenyewe ndiye aliyepanda mwishowe, kwa miguu yake, kwa sababu ya chungu cha mama yake. Alishusha mafungu yote, akayabeba kichwani, akayapeleka ghalani na fundo lake la ukindu. Wanawake wengine wakamfuata. Waliona kama Kadii mwenye maneno ameridhika, wao ni nani.

Ghala lilikuwa zuri, hata hilo Kadii hakuwanyima. Ukuta wa mawe, bati la Zubeir, saruji ya mwenye hoteli, jina la kamati kwa rangi nyekundu. Juu ya ukuta waliacha tundu la hewa, wakaliziba kwa wavu wa kuku. Chini wakaweka mlango wa mbao nene na makufuli matatu makubwa ya shaba. Siku ya kufunga walipiga picha.

Njaa ikaja kama ilivyoahidiwa. Masika ya themanini na nne yalikataa kabisa. Watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, yale waliyosema ni chakula cha farasi, wakayalaani na kuyapigania foleni. Dena aliacha shule akaenda kuchoma makaa. Mtoto mdogo wa Kadii alikonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Kila Kadii alipopita mbele ya ghala aliyatazama makufuli, moyo ukamwambia: leo ningekuwa nimeishaipika. Alishukuru. Hebu lifikirie hilo, mwanamke mwenye njaa anayashukuru makufuli. Kwa muda wa mwaka mmoja kamati ile ilikuwa imefanya jambo la maana, na laiti wangekufa wote siku moja kabla ya mvua, Jilore ingewalilia.

Hawakufa. Mvua ilinyesha, na Kadii akaenda kwa Chifu Kambi.

Chifu alikuwa barazani kwake, buti zimejaa tope, anafurahia mvua kana kwamba aliiagiza yeye.

"Chifu, tumekuja kuchukua mbegu."

"Kabisa, mama Dena. Wangu huu hapa." Akautoa ufunguo mfukoni, umefungwa kwenye kitambaa. Aliutunza vizuri, unang'aa. "Bado mbili."

"Wa bwana shamba?"

"Bwana shamba alihamishwa. Yuko Garissa sasa."

"Na ufunguo uko Garissa?"

"Hapo sina hakika. Ama aliondoka nao, ama uko ofisini Kilifi, kwenye mtoto wa meza. Nimeandika barua."

"Lini?"

"Alipohama."

"Na alihama lini?"

Chifu Kambi akasugua buti kwenye ngazi ya baraza. Bwana shamba alikuwa amehama kabla hata mahindi ya manjano hayajafika.

"Chifu," Kadii alisema taratibu, "kufuli ni chuma. Chuma kinakatwa."

"Kufuli la kamati? Nikate mimi?" Akavua kofia yake, akaigeuza mikononi. "Nikilikata leo, kesho wataniuliza nilichukua magunia mangapi. Nikivuliwa kofia hii, mama Dena, utanirudishia wewe?"

"Nilidhani ghala ni la mbegu. Kumbe ni la kofia."

Alitoka pale akapata lori la makaa, akashuka Malindi akiwa mweusi kama chungu, akauliza njia mpaka Barani.

Mke wa Zubeir, Bi Shekha, alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye sauti ya kuburuta na macho yasiyoburuta. Hakuuliza kwanza amefuata nini. Alimletea maji ya kunawa, akamwekea chai na mahamri, akamwambia, "Kaa kitako, dada. Jambo halitoki vyema kwenye tumbo tupu." Zubeir alikuwa ndani anapumzika. Akatoka amevaa kikoi, akasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Ufunguo ninao, Bi Kadii. Uko kwenye kasha langu, sikuupa mtu."

"Basi twende."

"Ngoja nikueleze. Mimi ni mtu wa Malindi. Mahindi yale ni yenu Wagiriama. Nikionekana pale bila kamati kuitwa, bila bwana shamba, kesho yatasemwa maneno gani? Mwarabu wa malori kaja kupakia. Na chifu wenu atakuwa wa kwanza kuyasema. Nakuapia, sikuyataka yale makufuli matatu. Mimi nililitaka moja."

"Nani aliyataka matatu?"

"Bwana shamba hakumwamini chifu. Chifu hakuniamini mimi. Mimi, niseme ukweli, sikumwamini yeyote. Mkubwa akasema basi, kila mtu na lake."

Kadii akaweka kikombe chini. Hapo ndipo hasira yake, iliyokuwa inazunguka kama kuku asiyejua pa kutagia, ilipopata mahali pa kukaa.

"Basi makufuli yale hamkumwekea mwizi," alisema. "Wala njaa. Mmefungiana ninyi kwa ninyi, na mbegu yangu mkaiweka katikati. Mlikaa darasani mkatuambia nchi ndogo haina mjomba. Nchi yenye viongozi kama ninyi ina haja gani ya maadui wa nje?"

"Usinitukane nyumbani kwangu, bibi."

"Sijaanza."

Zubeir akanyanyuka, akasema atampelekea mkubwa wa wilaya habari, kamati iitwe haraka, kwa taratibu zake. Akaingia ndani. Bi Shekha akamsindikiza mgeni mpaka nje.

"Bwana yangu si mtu mbaya," alisema. "Anaogopa maneno ya watu."

"Mwoga na mbaya wakikufungia mbegu, shamba halijui tofauti."

Bi Shekha akakubali kwa kichwa. Wakatembea kidogo. "Ningekuibia ufunguo ule, dada, lakini mmoja wautakia nini? Na kasha lile siligusi. Hapa kwetu cha bwana ni cha bwana. Kwenu nani hushika mahindi?"

"Mwanamke. Uchagani mwanamume hapandi."

"Hata mume?"

"Hata mume."

"Hata chifu?"

"Chifu si mwanamume?"

Bi Shekha akasimama, akajifuta midomo kwa pembe ya buibui kama anayeficha kicheko. "Basi mimi mambo ya kwenu siyajui," alisema. "Lakini nashangaa unatafuta nini Barani."

Njia nzima ya kurudi, Kadii alikuwa anafikiri. Na kadiri alivyofikiri, ndivyo alivyojikasirikia kwa kuwa mtu wa mjini ameliona yeye asilione.

Asubuhi yake jua lilikuwa limetoka na udongo umeanza kukauka juu juu. Kadii aliingia jikoni, akaikamata ngazi ya uchaga, akaing'oa mahali pake. Ngazi ile haikuwahi kuona jua tangu ilipotengenezwa. Ilikuwa nyeusi ya moshi, nyepesi, inanata mikononi. Akaitoa mlangoni.

Dzombo alikuwa uani analinoa jembe. Alipoiona, jiwe la kunolea lilimponyoka.

"Mama Dena. Ngazi hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwenye uchaga mlionijengea."

"Uchaga gani?"

"Mahindi yangu yako wapi, babake Dena? Yalipo mahindi yangu ndipo ulipo uchaga wangu. Au mlipoyapeleka mlidhani yamebadilisha mama?"

Hawe Kahonzi alichomoa figa moja mekoni, akaliweka kichwani juu ya kata, akamfuata mkwewe nje. Ngazi ya uchaga ikipita njiani mchana haihitaji mbiu. Wanawake waliiona wakiwa visimani, mashambani, barazani, wakaacha walichoshika. Mwingine akaja na figa, mwingine akaja na kijinga cha moto, mwingine na kikapu. Wanaume waliiona pia, wakatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango akakuta mkwe anaoga.

Mbele ya ghala, chini ya tundu la hewa, waliyapanga mafiga matatu, wakawasha moto. Hawe Kahonzi akainjika chungu cha maji. Moshi ukapanda ukutani, ukaingia kwenye wavu.

"Jiko hili," alisema Hawe, akimtazama kila mwanamume aliyekuwa karibu. "Na juu ya jiko kuna nini?"

Wote walijua kuna nini.

Kadii akaegemeza ngazi, akapanda na panga, akaukata wavu wa kuku kwa mapigo machache, akaingia. Wanawake wawili wakamfuata. Mlango na makufuli yake yote matatu havikuguswa.

Chifu Kambi alifika anakimbia, na nyuma yake askari wake, Lewa, kijana wa palepale Jilore, mwenye rungu.

"Mama Dena, shuka. Hilo ni ghala la serikali."

Sauti ya Kadii ikatoka tunduni. "Serikali ina mafiga?"

"Shuka tuzungumze."

"Panda tuzungumze. Ngazi hiyo hapo."

Chifu akaitazama ngazi. Ilikuwa nyeusi, ya moshi, ya jikoni kwa mtu. Alikuwa na kofia ya serikali kichwani, lakini miguu ilikuwa ya mtoto wa Kigiriama, na miguu ndiyo iliyotakiwa kupanda. Akamgeukia askari.

"Lewa, panda umshushe."

"Afande," alisema Lewa, "mamangu yuko ndani."

"Nimekwambia panda."

"Mama yuko ndani, afande. Nikipanda nitakuwa nimemzika." Akaliweka rungu chini polepole, kama mtu anayetua yai.

Chifu akamtafuta Dzombo kwa macho, akamwona nyuma ya watu. "Dzombo, mke wako huyu. Wewe ndiye uliyetoa mbegu hii mbele ya mkubwa. Mshushe."

Watu wakageuka. Dzombo alikuwa na tabia ya kukubali mambo mbele za watu, na kila mtu alingoja akubali na hili. Akajikuna shingo.

"Chifu, mimi uchagani sijawahi kupanda," alisema. "Hata siku ile nilipoyaahidi yaliyomo."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikawafikia wanaume kikiwa kidogo, kikawashinda. Chifu Kambi hakucheka. Alisimama na ufunguo wake safi mkononi mbele ya mlango uliofungwa vizuri, huku vikapu vikishuka juu yake.

Ndani hakukuwa na la kuchekesha. Mwaka mzima bila moshi, wadudu walikuwa wamekula walivyotaka. Dawa ya unga ya bwana shamba ilikuwa imetiwa mara moja, na aliyepaswa kuirudia alikuwa Garissa. Kadii aliyatambua mafungu yake kwa fundo la ukindu. Aliyakamata, akasikia yalivyo mepesi. Aliyapukuchua mengine palepale, yakamwagika unga na maganda. Alikaa juu ya lile rundo la mahindi ya watu, akayapakata mapajani kama mama yake alivyofanya, na kwa mara ya kwanza tangu mvua inyeshe machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya hasira, ya kuchoma. Njaa ilikuwa imetaka mbegu yake, wakainyima. Walichoipokonya njaa wakawapa dumuzi, wadudu wa mahindi.

Akajifuta, akachambua. Nzima alizipata, lakini za kutosha nusu ya shamba, si zaidi. Alizipanda siku ileile na Dzombo na Dena, udongo wa juu ukiwa umeanza kushika. Upande wa chini wa shamba ulibaki wazi mwaka ule. Kuna nyumba ambazo hazikupata hata za kujaza kiganja.

Mahindi yalipofika kiunoni, kamati ilikuja. Walikuja na funguo zote tatu, maana ule wa bwana shamba ulipatikana Kilifi kwenye mtoto wa meza, chini ya magazeti. Mkubwa wa wilaya alikuwa na hotuba ya kufungua ghala. Zubeir alivaa kanzu mpya. Bwana shamba mpya alishikilia ufunguo kama kifaranga. Wakafungua kufuli la kwanza, la pili, la tatu, watu wakitazama kwa adabu. Ndani palikuwa na maganda, masizi ukutani na hewa ya moto wa zamani.

Inasemekana mkubwa aliikunja hotuba yake, akaitia mfukoni. Kisha kamati ikaingia darasani ikakaa kutwa. Walipotoka walikuwa na uamuzi. Tatizo, walisema, ni kwamba akina mama hawakuwakilishwa. Kwa hiyo litaongezwa kufuli la nne, kubwa kuliko yote, na ufunguo wake atapewa Kadii.

Lewa ndiye aliyetumwa kuupeleka shambani. Alimkuta anapalilia.

"Mama, wamekuletea ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa kufuli la nne. Wamesema sasa mlango hautafunguka bila wewe."

Kadii akaegemea jembe, akaupokea, akaugeuza. Ulikuwa mzito, mpya, una mafuta.

"Watu wenye akili zao," alisema. "Nyumba imeungua kwa sababu mlango haufunguki, wao wameleta kufuli."

"Niwaambie nini?"

"Waambie uchaga wangu hauna mlango. Wasifikirie ni hekima, waambie ni hasira. Na waambie mavuno haya yakiiva yanapanda juu ya moto wangu, na anayeyataka aje na ngazi yake."

Lewa akaondoka akirudiarudia maneno yale ili asiyapoteze njiani. Kadii alitafuta kopo tupu la mafuta ya kupikia, akautumbukiza ufunguo ndani, akalifunga kwa kamba kwenye mti katikati ya mahindi yaliyoanza kubeba. Upepo ukivuma kopo lilipiga kelele, ndege wakaruka. Msimu wote ule, mlango wa ghala la kamati haukufunguliwa. Mjini, kwenye mkutano mwingine wa viongozi, mkubwa wa wilaya alieleza kwa masikitiko kwamba watu wa Jilore bado hawajaelewa maana ya akiba.